Unaswapu injini ya gari dogo la zamani? Anza na kilo, si farasi

Wengi wakitaka kuswapu injini, yaani kuing'oa ya zamani na kuweka nyingine, swali lao la kwanza ni, "Ipi ina nguvu zaidi?" Swali hilo limemaliza pesa za watu. Magari madogo ya miaka ya 80 na 90, kama Toyota Starlet, Honda Civic, Volkswagen Golf za mwanzo, Peugeot 205 na Suzuki Swift, yalitoka kiwandani yakiwa na kilo 750 hadi 1,000 hivi. Wepesi huo ndio mtaji wako. Kila injini unayoitamani iulize jambo moja: itaulinda mtaji huo au itaula?

Maelezo haya ni ya magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele, injini imekingama kutoka upande hadi upande. Ukitaka kugeuza gari livutwe nyuma, hiyo ni kazi ya kuunda gari jingine kabisa.

Hatua ya 1: Amua gari ni la kazi gani

Andika kwenye karatasi, sentensi moja tu. Anayelitumia kila asubuhi kwenye foleni na anayelipeleka kwenye mbio za mzunguko hawatafuti injini moja. B16A ya Honda, kwa mfano, ina ujazo wa sentimita za ujazo 1,595 na inatoa nguvu za farasi 160, lakini farasi hao wako juu kabisa, karibu na mizunguko 7,600 kwa dakika. Kwenye mbio ni raha tupu. Kwenye foleni hutawaona hata siku moja.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya kilo kwa kila farasi

Chukua uzito wa gari, ugawanye kwa nguvu za injini. Gari la kilo 800 lenye farasi 75 linabeba kilo 10.7 kwa kila farasi mmoja. Litie injini ya farasi 135, hesabu inashuka hadi 5.9. Sasa chukua gari kubwa la kilo 1,300 lenye farasi 200: linabeba kilo 6.5. Yaani dogo lako limeshampita mkubwa, na bado hujagusa injini yoyote ya ajabu. Mtu akikwambia bila farasi 250 hujafanya kitu, muulize gari lake lina uzito gani.

Hesabu hiyo ina upungufu mmoja: haisemi uzito umekaa wapi. Gari la kuvutwa mbele tayari linaegemeza asilimia 60 au zaidi ya uzito wake kwenye magurudumu ya mbele. Ukiongeza kilo 50 za injini, zote zinatua palepale puani. Matokeo yake unayasikia kwenye usukani: unakata kona, gari linang'ang'ania kwenda mbele, na tairi za mbele zinalia kabla ya zile za nyuma hata kuamka.

Mfano unaojulikana ni VR6 ya Volkswagen, silinda 6, lita 2.8, bloku ya chuma. Watu wameiingiza kwenye Golf ya kizazi cha pili miaka mingi sasa, na inaingia. Sauti yake tamu, sikatai. Lakini unakuwa umenunua pua nzito. Kwa gari hilohilo, 1.8T ya silinda 4 yenye vali 20 inatoa farasi 150 ikiwa haijaguswa, na inaacha uzito karibu na pale kiwanda kilipouweka. Mimi ningechukua hiyo bila kupepesa macho.

Kwa hiyo, kabla ya kuangalia farasi, uliza bloku ni ya chuma au ya alumini, kisha utafute uzito wa injini ikiwa na giaboksi, turbo na kila kinachoning'inia juu yake. Injini tupu na injini iliyovaa ni vitu viwili tofauti.

Hatua ya 3: Tafuta kwenye ukoo wa gari lako kwanza

Hapa ndipo swapu nyingi zinapofaulu au kufa. Karibu kila gari dogo lina kaka yake aliyetoka kiwandani na injini kali zaidi ndani ya bodi ileile. Kiwanda kimeshakupimia mauntini (vishikio vya injini), shafti (fimbo zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu), eksozi na nafasi ya boneti. Kazi yako ni kukusanya vipuri, si kuvumbua.

Starlet ni mfano mzuri. Yenye 4E-FE ya sentimita za ujazo 1,331 ina njia mbili za nyumbani. Ya kwanza ni 5E-FE ya 1,497. Ni ukoo uleule wa E, kipenyo cha silinda ni milimita 74 kwa zote mbili, ila pistoni ya 5E inasafiri milimita 87 wakati ya 4E inasafiri 77.4. Hupati gari la kutisha, unapata gari linalovuta vizuri chini bila kelele, na hakuna atakayejua umebadilisha. Ya pili ni 4E-FTE yenye turbo, ile ya Starlet GT na Glanza V, farasi 135 kwa vipimo vya Japani. Kumbuka tu kwamba FTE si FE iliyobandikwa turbo. Mgandamizo wake (kiasi pistoni inavyobana hewa na mafuta) uliteremshwa hadi 8.2 kwa 1, na FE ina 9.6 kwa 1. Anayekushauri ununue turbo peke yake uifunge kwenye FE yako anakuuzia pistoni zilizotoboka, hata kama hajui.

Honda wana ngazi tatu. Civic nyingi za miaka ya 90 zilikuja na injini za ukoo wa D. Ngazi inayofuata ni B, ambayo kiwanda chenyewe kiliiweka kwenye bodi hizo, kwa hiyo mauntini na mabano yapo na yanajulikana. Uwe macho na klachi: giaboksi za B za mwanzo zinavutwa kwa waya, za baadaye kwa hidroliki. Ukichanganya, utajikuta unatafuta pedali na silinda ya klachi ambazo hukuzipangia bajeti.

Ngazi ya tatu ni K, na hapo mambo yanageuka kihalisi. K inazunguka kinyume cha D na B. Njia yake ya hewa inatazama mbele ya gari na eksozi inatazama ukuta wa kabini, ilhali kwenye B ni kinyume chake. Gia zake zinavutwa kwa nyaya badala ya vyuma. Kwa hiyo unahitaji mauntini za kununua, eksozi mpya, lever mpya ya gia, shafti mpya na mfumo mwingine wa nyaya za umeme. K20A ni injini nzuri mno, lita 2 kamili, silinda zenye kipenyo cha milimita 86 na pistoni inayosafiri milimita 86, na matoleo ya Type R yanapita farasi 200. Ni injini ya mtu aliyeshaswapu kabla, au mwenye mfuko usiouliza maswali.

Kwenye Peugeot 205 angalia kwanza bodi uliyonayo. Zile ndogo za lita 1.0 hadi 1.4 za miaka ya baadaye zina injini za ukoo wa TU, GTI zina za ukoo wa XU, na mauntini na giaboksi zao hazifanani. Kichekesho ni kwamba 205 ya dizeli, ambayo hakuna anayeitazama mara mbili, iko karibu zaidi na GTI kwa upande wa mauntini kuliko ile ya petroli ya lita 1.1. Ukishakuwa upande wa XU, njia ya siku zote ni Mi16 kutoka Peugeot 405: ujazo wa 1,905, vali 16, bloku ya alumini, farasi 160. Ina ugonjwa mmoja unaojulikana. Kwenye kona ndefu kwa kasi, oili hukimbilia upande mmoja wa sampu (bakuli la oili chini ya injini) na pampu ikanyonya hewa. Ukienda nayo kwenye mbio, weka sampu yenye vizuizi ndani kabla ya siku ya kwanza, si baada ya beringi kulia.

Usipopata kaka wa bodi yako, tafuta binamu: gari jingine la kampuni ileile, la miaka ileile, lenye injini iliyokingama vilevile. Injini ya kampuni tofauti kabisa iache iwe ya mwisho kwenye orodha.

Hatua ya 4: Nunua seti, usinunue injini

Injini ikiwa sakafuni peke yake huwa na bei ya kuvutia. Bei hiyo ni robo ya ukweli. Kinachokula pesa na wiki zako ni vitu vidogo vilivyobaki kwenye gari ilikotoka. Ndiyo maana gari zima la kuchinja (la kutolea vipuri), au nusu ya mbele iliyokatwa, mara nyingi huishia kuwa rahisi kuliko injini ya bei poa.

Kwenye seti hakikisha kuna giaboksi yake, shafti zote mbili, mauntini na mabano yake, kompyuta ya injini pamoja na nyaya zake zote hadi kwenye soketi ya mwisho, sensa zote, kipima hewa, alteneta, stata, na kwa turbo, mabomba yote na intakula (kipoza hewa ya turbo). Nyaya zichunguze kwa macho. Zikiwa zimefunguliwa kwenye soketi, vizuri. Zikiwa zimekatwa kwa koleo sentimita chache kutoka kwenye injini, punguza bei kwa nguvu au ondoka, kwa sababu fundi wa umeme atalipwa kwa kila waya atakaoukisia rangi yake.

Injini nyingi za mwisho wa miaka ya 90 na kuendelea zina jambo jingine: kompyuta imefungamana na ufunguo. Bila ufunguo ule na kisoma ufunguo chake, injini itazunguka na haitawaka. Dai ufunguo kabla ya kutoa pesa. Ukiambiwa umepotea, pigia hesabu kompyuta ya kuprogramu tangu sasa.

Dogo jingine linalosahaulika ni mwendo. Gari la zamani linapeleka mshale wa spidi kwa waya unaozunguka, injini ya baadaye inataka sensa ya umeme kwenye giaboksi. Hilo si la mshale peke yake. Kwenye Honda nyingi, kompyuta isipopata ishara ya mwendo haifungui VTEC (mfumo wa Honda unaobadilisha ufunguaji wa vali mizunguko ikipanda), na mtu atahangaika na vali wakati kosa liko kwenye soketi moja ya giaboksi.

Kuhusu giaboksi, usikubali tu kwamba "inaingia". Piga hesabu ya uwiano wa gia. Tairi ya 155/80 R13 inapita karibu mita 1.82 kwa mzunguko mmoja. Chukua gia ya tano ya 0.8 na uwiano wa mwisho (gia ya mwisho kabla ya shafti za magurudumu) wa 4.4: kwa mizunguko 3,000 unatembea kilomita 93 kwa saa. Badilisha uwiano wa mwisho uwe 3.7, mizunguko ileile inakupa kilomita 110. Ya kwanza inaruka haraka na itakuchosha masikio safari ndefu. Ya pili inatulia barabara kuu. Hakuna iliyo mbaya, ila ujue unanunua ipi. Rudi kwenye ile sentensi uliyoandika hatua ya kwanza.

Hatua ya 5: Pima nafasi kabla ya kutoa pesa

Upana wa injini pamoja na giaboksi ndicho kipimo kinachokwamisha magari madogo, kati ya mnara wa shokapu wa kushoto na wa kulia. Kinachofuata ni urefu kutoka sampu hadi boneti. Kwa boneti kuna ujanja wa kale: weka donge la udongo laini wa kuchezea juu ya sehemu ya juu kabisa ya injini, funga boneti taratibu, fungua, pima unene uliobaki. Ukiwa chini ya sentimita 2 una tatizo, maana injini hutikisika kwenye mauntini ukikanyaga mafuta. Chini, sampu isipite boriti ya mbele. Ikipita, jiwe la kwanza ndilo litakalokuamulia.

Shafti zipime gari likiwa limening'inia kwenye jeki, kisha likiwa limeshuka kwenye magurudumu. Katika hali zote mbili jointi ya ndani ibaki na nafasi ya kuingia na kutoka. Shafti ndefu mno husukuma giaboksi hadi beringi ziharibike, fupi mno hutoka yenyewe njiani.

Na kama shafti moja ni ndefu sana kuliko nyenzake, ongeza nguvu uone: usukani unavuta upande mmoja kila ukikanyaga. Ndiyo sababu viwanda vingi huweka shafti ya kati yenye beringi ili zile mbili za nje zilingane. Kama injini yako ilikuja nayo, usiiache kwa sababu ya bano moja gumu kufunga.

Hatua ya 6: Mafuta, maji na breki

Kama gari lilikuwa na kabureta, pampu yake inatoa shinikizo dogo, chini ya baa 0.5. Injini ya sindano inataka karibu baa 3. Kwa hiyo unahitaji pampu ya umeme, mabomba ya shinikizo kubwa, na bomba la kurudisha mafuta tangini kama mfumo wako unarudisha. Tangi la zamani mara nyingi halina vizuizi ndani, na kwenye kona likiwa robo pampu itanyonya hewa. Kitangi kidogo cha kati kinamaliza shida hiyo.

Angalia pia petroli unayoipata kwa urahisi. Injini za mgandamizo mkubwa, kama K20A ya Type R yenye 11.5 kwa 1, na nyingi za turbo, zinataka oktani ya juu. Kama huipati kirahisi, injini hiyo si yako, hata kama umeletewa bure.

Rejeta chukua ya gari la kuchinja, au inayolingana nayo kwa unene. Breki hazina mjadala: diski za mbele, kalipa na silinda kuu ya kaka mwenye injini kali vinunuliwe pamoja na injini, na vifungwe kabla yake. Gari lenye breki nzuri na injini dhaifu linaendesheka. Kinyume chake sipandi.

Hatua ya 7: Kagua injini yenyewe

Sasa umeshachagua, unaiona sakafuni kwa muuzaji. Anza na kifuniko cha oili. Kigeuze uone upande wa ndani. Utando wa rangi ya maziwa una maana maji na oili vimekutana, na hata kama muuzaji atasema ni unyevu wa kukaa muda mrefu, chomoa kijiti cha oili ulinganishe. Masizi mazito kama lami kwenye kamshafti yanakueleza injini iliishi bila kubadilishiwa oili.

Chomoa plagi zote, zipange chini kwa mpangilio wa silinda. Rangi ya kahawia au kijivu kwenye zote ni dalili njema. Moja ikiwa imeoshwa safi kabisa huku nyingine zina rangi, silinda ile huenda imekuwa ikinywa maji. Moja ikiwa imelowa oili, pete za pistoni au sili za vali za silinda ile zimechoka.

Funga spana kwenye boliti ya puli ya mbele, uizungushe injini kwa mkono mizunguko miwili kamili, kwa upande inaozunguka. Izunguke kwa ugumu ulio sawa, bila kukwama. Kisha shika puli uivute na kuisukuma: mchezo unaousikia wazi mkononi si wa kawaida. Kwa turbo, ondoa bomba la hewa, shika ncha ya shafti ya feni. Kutikisika kidogo upande kwa upande kunakubalika, kuingia na kutoka kama pistoni hakukubaliki, na mapezi yakigusa ukuta, hiyo turbo ni chuma chakavu.

Injini ikiwa bado na giaboksi na stata, pima mgandamizo kwa betri: plagi zote nje, thiroto wazi. Injini isiyo na turbo yenye afya huonyesha karibu baa 12 au zaidi, ya turbo hushuka kidogo. Namba yenyewe haina uzito kama tofauti kati ya silinda. Ikizidi asilimia 10 kati ya ya juu na ya chini, uliza maswali. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, fikiria gasketi ya silinda hedi.

Namba ya injini isome mwenyewe na uilinganishe na karatasi. Iliyokunwa au kugongwa upya usiiguse. Ofisi ya usajili na kampuni ya bima ziulize kabla ya kununua wanataka nini injini ikibadilika ujazo. Sehemu nyingine gari litapimwa moshi kwa kiwango cha injini, sehemu nyingine kwa mwaka wa gari.

Hatua ya 8: Badilisha vya ndani ikiwa bado iko nje

Mkanda wa taimingi na tensheni yake, pampu ya maji, sili za mbele na nyuma za krenki, gasketi ya sampu, seti ya klachi na beringi yake. Vibadilishe vyote, hata muuzaji akiapa vilibadilishwa juzi. Kwenye gari dogo, injini ikishaingia, upande wa mkanda unatazamana na bodi na mkono hauingii bila kuushusha upande mmoja wa injini. Sili ya nyuma ya krenki iko nyuma ya klachi, na kuifikia unatoa giaboksi nzima kwa sababu ya kipande cha mpira.

Ile injini ya zamani isiuzwe bado, pamoja na mauntini na nyaya zake. Iache kona ya gereji mpaka gari limepita ukaguzi, limesajiliwa upya, na limetembea kilomita 1,000 bila kuvuja.